Kaza kwa Jozi

Muhula ule wa kubadilishana wanafunzi nilikaa kwa yaya yangu, huko Sherbrooke, katika jimbo la Quebec. Si mbali na Valcourt, mji wa Joseph-Armand Bombardier, ambako pikipiki ya theluji ya Ski-Doo ilizaliwa mwaka 1959. Yaya ni fundi wa pikipiki hizo. Jumamosi nilikwenda naye gereji kumsaidia, maana chumbani baridi ilinishinda na upweke pia.

Pikipiki ya theluji haitembei kwa magurudumu. Nyuma inasukumwa na mkanda wa mpira, mbele ina ski mbili. Chini ya kila ski kunafungwa ufito wa chuma, ambao watu wa huko wanauita lisse. Ufito huo umepachikwa vipande vya kabidi, vigumu kuliko chuma chochote cha gereji, na ndivyo vinavyong'ata barafu. Vikiisha, unageuza usukani lakini pikipiki inaendelea kwenda moja kwa moja.

Yaya alinionyesha kipande kimoja kilichovunjika. « Mudogo, unajua ni nini inashikilia hii? Ni kobalti. » Kabidi ya tungsteni ni chembechembe, na kobalti ndiyo inayoziunganisha. Niliguna. Baba yetu anachimba kobalti Kolwezi. Ada yangu ya fakulte imetoka katika mashimo yale. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, lakini sikuwahi kujiuliza inakwenda kufanya nini.

Gereji ilikuwa na kijana wa Uvira, bado katika wiki zake za majaribio. Kifaransa chake kilikuwa kidogo. Aliniita « mwalimu » kwa sababu nilitoka Chuo Kikuu, nami sikukataa. Jumamosi moja yaya alitumwa nje, na mkuu wa gereji akaniachia karatasi ya kiwanda: « Msomee mwenzako. »

Nikasoma, nikatafsiri. Inua sehemu ya mbele. Fungua ekru za zamani. Zikiwa na kutu, tia mafuta na usubiri. Ingiza ncha ya mbele ya ufito kwanza, halafu vuta nyuma mpaka vijiti vyenye hesi vitokee kwenye matundu ya ski. Weka ekru mpya. Kisha nikafika pale palipoandikwa: Serrer au couple prescrit.

Couple. Nilikuwa nimelisoma neno hilo mara mia katika riwaya: mume na mke, watu wawili, jozi. Sikusita hata kidogo. « Kaza kwa jozi, » nikamwambia. « Mbili mbili, kama walivyoagiza. » Chini yake palikuwa na tarakimu na herufi N·m. Nilidhani ni namba ya kifaa, nikairuka.

Kijana alinitii. Alikaza ekru mbili mbili kwa ufunguo wa kawaida. Ekru zile zina pete ya nailoni ndani, na pete hiyo hukaza mkono hata kabla ekru haijafika chini. Alipoona zimekuwa nzito, akajua amemaliza. Ufunguo wa kupimia nguvu ulikuwa ukining'inia ukutani, hakuna aliyeugusa.

Jumatano iliyofuata mteja, mzee mmoja, aliingia kwenye kona penye barafu. Ekru za nyuma zilikuwa zimelegea, ufito umechomoka, na ski ikateleza. Alivuka ukingo wa njia akaingia kwenye miti. Alivunjika kifundo cha mkono.

Jumamosi mkuu wa gereji alimwita kijana wa Uvira. Nilisimama kando nikimsikiliza akisema kwa Kifaransa chake kilichokatikakatika kwamba alifanya kama alivyoambiwa. Hakunitaja. Alitazama chini. Mimi nilikuwa na tiketi ya kurudi Lubumbashi. Yeye hakuwa na pa kurudi.

Nilitamani kunyamaza. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Halafu nikasema: « Yeye hakukosa. Mimi ndiye niliyemsomea vibaya. » Nikaeleza. Mkuu alitazama karatasi muda mrefu, akaniambia nisiguse tena kazi yoyote pale, na akamwacha kijana aendelee. Kwenye gari yaya hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani. Hapo ndipo akauliza: « Ulisomaka nini kule fakulte? »

Baadaye alinieleza: kwa fundi, couple ni nguvu ya kuzungusha. Ufunguo ule unawekwa kwenye kipimo, unakaza, na kipimo kikifika unalia « tak ». Nilitafuta namna ya kuisema kwa Kiswahili. Kamusi ingenipa maneno marefu ya wanafizikia, ambayo kijana wa Uvira angeyaitikia kwa heshima bila kuyaelewa, kama alivyoitikia jozi yangu.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumwaga. Nilimpa karatasi ileile, nimeiandika upya. Alisoma mstari wa mwisho kwa sauti: « Kaza mpaka ufunguo ulie. » Akacheka. « Mwalimu, » akasema, « hii sasa ningeielewa. »