Mpwa Wangu, Usiiazime Njia ya Kaka Yako

Nyamisati, Kibiti
Mfungo Mosi

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako anakusalimu sana. Siku hizi anashinda shamba, mpunga umeanza kutoa masuke na ndege hawampi nafasi.

Ameniambia umerudia sigara. Ramadhani nzima hukuigusa mchana kutwa, Idd ikapita, nayo ikarudi. Ameniambia pia unajiita dhaifu, kwamba kaka yako aliacha kwa siku moja na wewe umeshindwa, kwa hiyo huna unaloliweza. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana silikubali hata kidogo.

Mtu dhaifu hafungi mwezi mzima. Wewe ambaye siku za kawaida hupitishi saa mbili bila kuwasha, ulikaa tangu alfajiri hadi magharibi, juani, juu ya pikipiki, ukipeleka abiria Bungu na Jaribu Mpakani. Nguvu unayo. Baada ya Idd yaliondoka yale yaliyokuwa yanakushikilia: nia uliyoiweka usiku, saa inayojulikana, na mji mzima kufunga pamoja nawe. Sasa inakupasa ujue ni lipi kati ya hayo linalokushika wewe hasa, kwa sababu watu hatushikwi na jambo moja.

Kumbuka mlivyokuwa mkilinda ndege. Mama yako akipanda dunguni alikuwa anafunga kamba kutoka dungu hadi pembe zote za shamba, ananing'iniza makopo, na kila kamba anaijua. Akivuta moja, upande ule wote unalia. Anashinda pale kimya, wala hamhitaji mtu. Kaka yako ukimwacha peke yake, jua likipanda kidogo kashalala. Lakini mweke kwenye dungu linalotazamana na la jirani, waitane, waimbe, washindane kwa kelele, hapo halali hata nguruwe wa usiku wakija. Na wewe? Ukiambiwa "kaa hapa, vuta kamba", unatoroka. Siku babu yako alipokuambia, "Upande wa mtoni ni wako, wafukuze utakavyo," ulisuka kombeo, kila siku ukabadili pa kujificha, na upande ule haukuliwa. Shamba lilikuwa moja na ndege wale wale. Angekuja mtu akawalazimisha nyote mlinde kwa namna ya mama yako, wawili kati yenu mngeitwa wavivu.

Haya hayapo kwetu tu. Wataalamu wa saikolojia wana vipimo vitano wanavyovitumia sana kupima hulka ya mtu: kupenda mambo mapya, kujipanga na kutimiza, kuchangamkia watu, upole, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mmoja wetu anavyo vyote, ila kwa kiasi tofauti, na sehemu ya kiasi hicho tunazaliwa nayo. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti juu ya watu 96 waliochagua kila mmoja jambo dogo la kufanya kila siku, kama kula tunda au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani zilipita siku 66 ndipo jambo likawa mazoea. Lakini tazama tofauti: aliyewahi alitumia siku 18, na wa mwisho walimkadiria siku 254. Jambo lenyewe lilichangia, jepesi na zito si sawa, na huenda mtu mwenyewe naye alichangia. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kazi ya siku zilizotangulia. Kwa hiyo anayekwambia kila tabia huota kwa siku ishirini na moja amekudanganya, na sigara uliyovuta siku ya Idd haikufuta Ramadhani yako.

Sasa tazama kaka yako aliachaje. Alitangaza mbele ya jamaa wa msikitini na rafiki zake wote. Yeye ni mtu wa watu; kila aliyemuuliza "bado hujarudia?" alimwongezea nguvu. Wewe ukaiga, ukatangaza kijiweni. Wenzako walipokuuliza swali lile lile uliona wanakuchunga, ukavuta ili kuwaonyesha kwamba hakuna anayekuamrisha. Mwiga tembo hupasuka msamba, mwanangu.

Njia yako wewe ni hii. Usimtangazie mtu. Tafuta sababu yako mwenyewe, iwe kifua kinachokubana asubuhi au mtoto unayemtarajia, na iwe umeichagua wewe, si mimi wala mama yako. Kisha angalia saa ambayo sigara inakujia. Nijuavyo, hukujia pale mabasi ya Lindi na Mtwara yakichelewa, umekaa karibu na duka linalouza moja moja. Basi panga kabla ya kufika: "Abiria wakikosekana, nitaegesha upande wa muuza machungwa." Neno dogo kama hilo, lenye mahali na saa, lina nguvu kuliko kiapo kikubwa. Tena wewe huchoka upesi na jambo moja, kwa hiyo usijiwekee mwaka. Jiwekee hadi Ijumaa. Ijumaa ikifika, badili mbinu ukitaka, ila lengo libaki.

Na fedha vivyo hivyo. Mama yako ana kibubu chake, anakiona kila siku na hakivunji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipochukua mpunga, ndicho kilichotuvusha. Kaka yako anaweka kwenye kijumbe kwa sababu anaona haya kuwaangusha wenzake. Wewe kibubu ulikivunja, na kwenye kijumbe ulijitoa kwa kuchoka kudaiwa. Usiache kuweka akiba. Kila jioni ya siku nzuri nunua tofali, ukipata zaidi nunua bati. Tofali halitoki mfukoni kwenda kwenye chipsi, na kila ukipita kiwanjani utaona limeongezeka, jambo ambalo mtu wa hulka yako hulipenda.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Nimekwambia ujijue ili upate njia, sikukwambia ujijue ili upate kisingizio. Vijana wengi niliowafundisha walijua kusema "mimi ndivyo nilivyo", wakaishia hapo hapo. Hulka inachagua unapitia wapi, haikuondolei safari. Asiyependa kuamrishwa na mtu ana wajibu mkubwa zaidi wa kujiamrisha mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine atakayemfanyia kazi hiyo. Na usidhani hulka haibadiliki kabisa. Watu wengi huzidi kujipanga kadiri umri unavyosogea na majukumu yanavyowakalia. Wewe mwenyewe tangu ununue pikipiki unaiosha kila alfajiri bila kuambiwa. Huyo anayeiosha ndiye ninayemwandikia.

Usinijibu kwa kiapo, wala usiniahidi chochote. Nitajie tu mahali na saa sigara inapokujia kwa nguvu zaidi, na jambo moja utakalofanya hapo badala yake. Ukianguka, nitajie pia, tubadili mbinu. Wasalimie nyumbani kwako, na umwambie mkeo kwamba mama yako atamletea mchele mpya mavuno yakitoka.

Mwenyezi Mungu akupe subira na akuongoze.

Wasalaam,
Mjomba wako