Rihani na Kotimiri Ndani ya Madebe



Ndugu zangu wazazi, nanyi wanafunzi wetu wa madrasa, leo sitaandika kuhusu tajwidi. Nitaandika kuhusu madebe. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na familia zilizokuwa zimepanga nyumba Lilongwe, zenye tuta la mchicha nyuma ya jiko, zikajikuta hapa Dzaleka katika chumba kimoja, ukuta kwa ukuta na jirani. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kama 10,000. Sasa tumepita 50,000. Tuta halina pa kukaa, lakini debe la mafuta lililokwisha linatosha hapo mlangoni, na jua la Mwenyezi Mungu halipangiwi foleni.

Ninaloulizwa zaidi si namna ya kupanda. Ni hili: "Ustadhi, tupande vya nini na sisi tunasubiri kuondoka?" Kijana mmoja wa darasa la fiqhi aliniuliza hivyo, na yeye kazaliwa hapa hapa na ana miaka 17! Nikamkumbusha hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kila anachopanda Muislamu, kikaliwa na ndege, mtu au mnyama, kwake huwa ni sadaka. Haikushurutishwa kwamba mpandaji awepo. Mtaani kwetu ipo familia iliyosafiri kwenda ughaibuni ikaacha nanaa mlangoni, na hadi leo jirani zao Warundi wanaichuma kwa chai. Na debe, tofauti na shamba, unaweza kulihamisha.

Basi maji. Akina mama wanaopanga ndoo bombani tangu alfajiri watasema hawana maji ya kumwagilia maua, na wana haki. Lakini tuangalie maji ya udhu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyokwisha kutawadhiwa ni tohara, ila hayatoharishi tena. Maana yake huwezi kutawadhia mara ya pili, lakini mmea unaweza kuyanywa. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, chini ya lita moja. Nyumba ya watu 6, vipindi 5, hata tukisema lita moja kwa kila mtu, ni lita 30 kwa siku! Weka beseni chini. Hata ukipata theluthi yake, madebe yako yote yatakunywa. Maji ya sabuni usiyachanganye humo.

Watoto nimewaachia kazi hiyo, nao sasa wanagombania beseni. Fundisho la israfu limewaingia hapo kuliko ubaoni.

Toboa matundu chini ya debe, la sivyo mizizi itaoza. Chombo kilichokuwa na rangi au dawa ya wadudu usikitumie kabisa, hata ukikiosha mara saba. Changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyokaa miezi kadhaa ikakauka. Wapo wanaouliza kama mboga hiyo ni halali kwa kuwa samadi ni najisi kwetu. Ni halali, kinachoota humo ni tohara, na jani lililoguswa na samadi lioshwe.

Kotimiri, wengine huiita giligilani, haina haja ya mbegu za pakiti. Nunua punje nzima za dukani, zile za pilau, katika maduka ya Wahindi pale Lilongwe mjini. Ziponde kidogo zigawanyike, kwani ndani ya kila punje mna mbegu mbili. Huota ndani ya siku 7 hadi 14. Joto la Oktoba huifanya ikimbilie kutoa maua, kwa hiyo ipe kivuli cha mchana na upande kidogo kidogo kila wiki tatu. Nanaa ni rahisi kupita zote: kijiti ndani ya glasi ya maji kwa wiki moja au mbili, kikitoa mizizi kipande. Ila ipe debe lake peke yake, maana haijui ujirani. Mchaichai unataka ndoo kubwa. Rihani, ambayo imetajwa katika Suratur-Rahman, haipendi baridi yetu ya Juni na Julai. Iingizeni ndani usiku, na mkate vichwa vya maua ili izidi majani.

Maharage ya kila siku yanachosha, hasa watoto. Bani Israili walichoka na chakula kimoja wakaomba mboga na vitunguu, na walilaumiwa kwa kudharau neema waliyokuwa nayo. Mwanangu akisusa maharage mimi simsomei kisa hicho. Mama yake hukatia kotimiri juu, sahani ikarudi tupu.

Kila Alhamisi baada ya Alasiri nagawa vijiti vya nanaa madrasani. Mje na makopo yenu, yawe yameshatobolewa.

Wassalaam.