Kupanda Ngomo na Mzigo

Atokaye Uvira, penye ziwa Tanganyika, kimo cha meta 773, kwenda Bukavu, penye ziwa Kivu, kimo cha meta 1,460, hupita bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, kisha huanza kuupanda mlima wa Ngomo. Tazama, msomaji mpenzi, pikapu isiyo na mzigo: pua imeinama, mgongo umeinuka. Wengine huona hiyo ni aibu. Humwendea fundi atie pete ya chuma juu ya springi za mbele, gari lisimame sawasawa. Kweli, lapendeza macho. Lakini waundaji waliinua nyuma kwa kusudi: magunia ya mpunga yakipakiwa, springi za nyuma hulala, gari likajisawazisha lenyewe. Lililoinuliwa mbele, likipakiwa, hutazama mbinguni. Taa zake humpofusha dereva ajaye. Na mlimani, uzito ukizidi kurudi nyuma, magurudumu ya mbele hushika njia kwa udhaifu. Penye kona kando ya korongo, udhaifu huo ni mauti. Basi atakaye kuinua pua na apime kwanza gari likiwa na mzigo, kisha fundi anyoshe magurudumu na kushusha taa. Gari la kazi hupimwa kwa mzigo wake.