Chumvi haikukosekana chunguni, maji ndiyo yalizidi mwilini

Naomba nafasi ndogo niwaambie yaliyonipata mwaka 2014, nilipokuwa bado nakaa Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, kabla ya fujo za 2015 zilizotutoa kule.

Mimba yangu ilikuwa ya miezi minane, mapacha. Miguu ikavimba, halafu mikono, mpaka pete ikagoma kutoka. Majirani wakasema, ndio mapacha hao. Mama mkwe akaniambia: "Mwanangu, chumvi ndiyo inakuvimbisha. Iache, unywe maji mengi yakusafishe." Mama yule ananipenda kweli, alinipikia maharage yangu pembeni, bila chumvi. Nikatii. Kopo la maji halikutoka mkononi.

Siku ya tano kichwa kikauma sana, nikaona nyota mchana, nikatapika. Yaani nilimwita mume wangu kwa jina la kaka yangu! Wakanikimbiza hospitali. Tangu Mei 2006 serikali ilikuwa imeondoa malipo ya kujifungua, basi hatukuanza kwanza kutafuta pesa.

Tansiyo, au presha kama wanavyosema Tanzania, ilikuwa 170 kwa 115, na mkojo ulikuwa na protini. Hapo kifafa cha mimba kiko mlangoni. Wakapima damu: sodiamu, ile chumvi ya damu, 121. Kawaida ni 135 mpaka 145, na mwenye mimba hushuka kidogo tu.

Mama mkwe akapiga yowe: "Nimemuua! Nilimnyima chumvi!" Daktari akamjibu: "Hapana, mama. Ugonjwa huu wenyewe unafanya mwili ushike maji. Chumvi imezidiwa na maji, kama mchuzi ulioongezwa maji. Yale ya kopo yameongeza shida, lakini ugonjwa hayakuuleta." Akasema maji yakiingia kwenye ubongo mtu anachanganyikiwa, hata degedege inakuja.

Wakanipimia maji ya kunywa, kidogo kidogo. Wakanichoma sindano ya magineziamu. Inauma, sifichi, lakini utafiti wa nchi 33 uliotoka 2002 ulionyesha inapunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Dawa yenyewe ni kuzaa, basi usiku ule wakanipasua. Siku ya tatu mkojo ulikuwa unatoka mwingi, na chumvi ikapanda.

Watoto nao damu yao ilikuwa na chumvi pungufu kama yangu. Tukawaita Bukuru na Butoyi, kama desturi yetu. Bukuru yupo, anasoma. Butoyi alikuwa na kilo moja na nusu, akakaa nasi siku tatu, Mungu akamchukua.

Mama mkwe alibaki Cibitoke. Mpaka leo kwenye simu ananiuliza: "Ni mimi?" Namjibu: "Si wewe, mama." Naona haamini.

Basi wapendwa, usiache chumvi kwa kushauriwa na jirani. Shirika la Afya Duniani halishauri kuipunguza ili kuzuia ugonjwa huu. Ukivimba uso na mikono, kichwa kikiuma, macho yakiona nyota, nenda kliniki siku ileile wapime presha na mkojo. Na yule bibi aliyekushauri kwa upendo, usimlaumu. Mpeleke naye, asikie kwa masikio yake.

Ni mimi, Mama Bukuru.