Kutu ya gari la marehemu baba nusura ituangamize

Marehemu baba yangu alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha sana sisi wanawe. Kila Jumamosi alasiri aliegesha pikapu yake aina ya Peugeot 504 chini ya mwembe, akakunja suruali, akachutama na mpira wa maji na kuanza kuosha uvungu wa gari. Bodi hakuijali sana. Vumbi lingeweza kukaa pale wiki nzima. Lakini uvunguni, lo! Huko alirusha maji hadi yale yanayotiririka yawe safi.

"Baba, mbona waosha mahali ambapo hapana mtu apaonaye?" nilimuuliza siku moja.

"Chumvi yapaona, mwanangu," akanijibu, nasi tukaangua kicheko.

Pikapu hiyo aliinunua mwaka wa 1989. Alipofariki mwaka wa 2016 niliirithi mimi, kwa kuwa ndugu zangu wote wanaishi bara. Naam, nilirithi gari, lakini desturi ya mzee sikuirithi.

Sisi twakaa Likoni na kazi yangu iko kisiwani, hivyo navuka feri kwenda na kurudi. Wanaokijua kivuko kile wataniunga mkono nikisema kwamba gari haliwezi kukikwepa chumvi. Penye mlango wa feri magurudumu hukanyaga maji ya bahari, nayo hurukia uvunguni. Hata likiwa limeegeshwa nyumbani, upepo wa kusi hulifuata hadi uani na unyevu wake wa chumvi.

Mwaka wa 2019 nilianza kuona magamba mekundu yameanguka chini ya mwembe. Rafiki yangu alinishauri nipake oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Nilipaka. Ikawa inadondoka uani mpaka kuku wakawa weusi miguu na mke wangu akaacha kunisemesha kwa siku mbili. Zaidi ya hayo, oili ile ilizilainisha na kuzivimbisha raba za gari, na magamba hayakukoma.

Ndipo nilipompata fundi mmoja wa kando ya barabara. Kwa haki yake nitasema kweli: aliniambia kazi hiyo yataka siku mbili au tatu, kwani lazima kutu ikwanguliwe kwanza. Mimi nikamwambia, "Wewe paka tu, bwana, gari nalitaka leo." Akapaka lami nyeusi juu ya kila kitu. Baada ya saa moja uvungu ulikuwa unang'aa kama wa gari lililotoka dukani. Nikamlipa kwa furaha, nikaondoka nikipiga mbinja.

Asubuhi moja ya Juni mwaka wa 2022 nilikuwa nateremka kuelekea feri, binti yangu wa miaka 13 ameketi kando yangu na sare zake za shule. Mbele yetu watu walikuwa wamejaa kama kawaida ya pale. Nikakanyaga breki. Kanyagio likazama hadi karibu na sakafu, na gari likazidi kwenda. Nilivuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote na kulisukumia gurudumu ukingoni mwa barabara. Tulisimama hatua mbili nyuma ya mama mmoja aliyejitwika kikapu. Akageuka, akanitazama jinsi nilivyokuwa natetemeka, akasema, "Pole, baba," kisha akashika njia yake. Hakujua ilibaki kidogo tu.

Binti yangu hakusema neno. Alikuwa amenishika mkono wa shati, na hakuuachilia mpaka gari la kutuvuta lilipofika.

Makanika aliikwangua lami kwa bisibisi. Ilitoka kwa vipande vikubwa, na chini yake kutu ilikuwa imelala tabaka juu ya tabaka. Paipu ya breki ilikuwa imeliwa kama mti ulioingiwa na mchwa. Akanieleza kwamba kutu yahitaji chuma, maji na hewa, na chumvi huiharakisha. Lami ikikauka huwa ngumu, hupasuka nyufa ndogo ndogo, na maji yakiisha kupenya ndani hayapati pa kutokea. Mimi nilidhani nimeifukuza kutu, kumbe nimeifunika shuka ilale vizuri.

Tangu hapo kazi hiyo naifanya mwenyewe nyumbani, na msaidizi wangu ni yule yule binti. Twangoja Februari, wakati wa kaskazi, kabla mvua za masika hazijaanza. Siku ya kwanza twaosha uvungu kwa maji baridi yasiyo na chumvi pamoja na sabuni, kisha twaliacha gari likauke siku mbili kamili. Nta ikipakwa juu ya unyevu, ni yale yale ya lami.

Mpenzi msomaji, ukitaka kujaribu, usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, wala usitumie matofali, kwani hupasuka bila kuaga. Nunua stendi za chuma, weka gari mahali tambarare na uzuie magurudumu yaliyobaki chini. Vaa miwani na kitambaa cha pua. Kwangua kwa brashi ya waya mpaka magamba yote yatoke, kisha gongagonga kwa bisibisi. Ikizama ndani, acha hapo hapo umwite fundi wa kuchomelea. Nta haiwezi kuwa bati, na kuchomelea baada ya kupaka nta ni kukaribisha moto.

Palipobaki wekundu twapaka dawa ya kugeuza kutu na kuiacha ikauke. Breki, ekzosi na mipira twaifunika kwa mifuko na magazeti, kwa sababu nta ikiingia kwenye breki utakuwa umeondoa balaa moja na kuleta jingine. Vile vitundu vidogo vya kutolea maji chini ya milango haviibwi kwa nta; vikizibwa, maji hukaa ndani na kuanza kazi yao. Kopo la nta twalitia katika beseni la maji moto, mbali kabisa na jiko na sigara, ili iwe nyepesi na kupenya kwenye maungio. Twapaka mara mbili, safu nyembamba. Nta haigeuki kuwa ngumu kama lami, na hiyo ndiyo faida yake. Gari likishatulia siku nzima, twaondoa mifuko yote na kujaribu breki polepole uani kabla ya kutoka barabarani.

Februari iliyopita jua lilikuwa linazama nami mgongo waniuma. Nilikwisha kushika brashi ya nta binti yangu alipomulika kurunzi karibu na springi ya nyuma.

"Baba, hapa bado."

Palikuwa na doa lisilozidi kiganja cha mtoto. Ningeweza kulipitishia nta na hapana ambaye angejua. Lakini yeye alikuwa ameniangalia tu, kurunzi mkononi, kimya kama siku ile ya feri. Nikaweka nta chini, nikachukua brashi ya waya, na kazi tukaimaliza kesho yake.

Siku hizi, kila Jumamosi alasiri, mimi huchutama chini ya mwembe na mpira wa maji. Watoto wa jirani husimama ukutani na kunicheka, eti mzee yule aosha mahali pasipoonekana. Huwaacha wacheke. Nami nilicheka vivyo hivyo.