Barua kutoka Uingereza: Bili Inapofika Mezani

Bili ya mgahawa nchini Uingereza huanza kuhesabiwa kabla mteja hajavuta kiti. Bei za kwenye menyu tayari zimebeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, hivyo samaki aliyeandikwa pauni 18 analipiwa pauni 18. Marekani ni kinyume: huko kodi ya mauzo huongezwa mwishoni, na mgeni hujikuta akidaiwa zaidi ya alichopigia hesabu. Tozo yoyote ambayo mteja hawezi kuikwepa inapaswa kujulikana kabla hajaagiza. Tangu Aprili 2025, chini ya sheria ya mwaka 2024 inayohusu masoko ya kidijitali, ushindani na walaji, tozo za lazima zinatakiwa ziwe ndani ya bei inayotangazwa, si kuchomekwa chini ya ukurasa kwa herufi za kutafutia miwani. Kampuni inayokaidi inaweza kupigwa faini inayofikia asilimia 10 ya mauzo yake duniani kote.

Mhudumu akiuliza kwa tabasamu kama meza ingependa mkate na zeituni, kwa kawaida anauza, hakaribishi. Akiuliza kama maji yawe ya gesi au yasiyo na gesi, jibu la tatu lipo hata kama hakulitaja: maji ya bomba. Mgahawa wenye leseni ya kuuza pombe ya kunywewa hapo hapo, Uingereza na Wales, unalazimika kumpa maji hayo bure mteja anayeyaomba, na hakuna anayemwona bahili kwa kuyaomba. Nafasi za meza nazo zina gharama yake. Migahawa mingi ya London huchukua namba ya kadi wakati wa kuweka nafasi, na asiyetokea bila kutoa taarifa hukatwa kiasi fulani kwa kila mtu aliyemhesabu. Sharti hilo ni halali likielezwa waziwazi mapema na kiasi kikiwa cha haki. Anayefuata saa za harusi za nyumbani ajue pia kwamba meza inaweza kupewa mwingine baada ya robo saa hivi.

Haki kubwa ya mteja hutumika wakati wa kula, ingawa wengi huikumbuka bili ikishafika. Sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inataka chakula kilingane na kilivyoelezwa na kiwe na ubora wa kuridhisha, na huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Kuku akiletwa mbichi ndani, au nyama ikiwa si ile iliyoagizwa, mteja anaweza kukirudisha, akabadilishiwa, au akafutiwa bei yake. Lakini asemaye baada ya tonge mbili husikilizwa. Aliyefuta sahani kwanza huonekana anatafuta mlo wa bure. Aliyelelewa Uswahilini hupata tabu hapa, kwa kuwa amefundishwa tangu utoto kutotia ila chakula alichopewa. Adabu hiyo ni ya mgeni mbele ya mwenyeji wake. Mgahawani kinachofanyika ni biashara, na mpishi wa Uingereza huona ni afadhali aambiwe wakati sahani ingali na moto kuliko kusomwa mtandaoni usiku wa manane. Sauti ibaki ya chini, na lawama ielekezwe kwa chakula, si kwa kijana aliyekibeba.

Bili haiji mpaka iombwe. Kuileta mapema huonekana kama kuwafukuza watu, kwa hiyo wageni wengi hukaa wakisubiri karatasi huku mhudumu naye akisubiri ishara. Kumtazama machoni na kuinua mkono kidogo kunatosha. Kupiga makofi, kusonya au kuita “pssst” ni utovu wa adabu mkubwa, hata kama katika baadhi ya vibanda vya nyama choma hakuna anayejali. Ikishafika, isomwe. Makosa hutokea: chupa ya meza jirani, sahani iliyorudishwa ikabaki kwenye hesabu, idadi ya vinywaji isiyolingana na glasi. Kuna wanaoona haya kukagua karatasi mbele ya mhudumu, na haya hiyo ni ya gharama. Miezi ya Novemba na Desemba baadhi ya migahawa huongeza pauni 1 kwa kila meza kupitia kampeni ya StreetSmart ya kuwasaidia wasio na makazi. Nayo ni hiari.

Mstari unaozua maneno mengi ni ule wa ada ya huduma. London kiwango kilichozoeleka ni asilimia 12.5, na siku hizi asilimia 15 si kioja. Meza ya watu wanne iliyokula pauni 160 huongezewa pauni 20 na kuombwa 180. Karibu kila mara, pembeni ya tarakimu hiyo huwa kuna maneno yanayosema kwamba ada ni ya hiari, na hiari hapo ina maana yake ya kisheria: mteja anaweza kuomba iondolewe yote au ipunguzwe, bila kutoa sababu, na mgahawa hauna cha kumdai. Sentensi moja inatosha, kwamba meza ingependa kulipa bila ada ya huduma, au ingependa kuacha pauni 10 badala ya 20.

Mtindo huu una ujanja wake. Ombi limevalishwa nguo za deni, na aibu ya kulikataa mbele ya wenzako ndiyo inayofanya kazi ya kukusanya. Hata Waingereza wenyewe, hodari wa kulalamika kuhusu hali ya hewa, wengi hulipa kimya kimya ada wasiyoona kama imestahili kisha wakaisema njiani. Kwa upande mwingine, kuifuta kwa sababu jiko lilichelewa ni kumwadhibu asiyehusika. Desturi ya watu waungwana ni kuilipa huduma ilipokuwa nzuri au ya kawaida, kuipunguza ilipokuwa ya hovyo, na kuiondoa kabisa pale tu mhudumu mwenyewe alipokosa adabu. Pasipokuwa na ada, bakshishi ya asilimia 10 mpaka 12 inatosha kabisa. Baa za mtaani, ambako mtu huagiza na kulipa kaunta, hazidai kitu. Vivyo hivyo duka la samaki na chipsi za kubeba.

Mtego mwingine umo kwenye mashine ya kadi. Baada ya bili yenye ada ya huduma, skrini inaweza kuuliza tena kama mteja angependa kuongeza asilimia 10, 12.5 au 15. Asiyesoma hulipia huduma mara mbili. Kitufe cha kukataa kipo, aghalabu kidogo kuliko vingine.

Swali la pesa hizo kumfikia nani linawagusa Waswahili wa Uingereza kwa namna ya pekee, kwa sababu vijana wengi kutoka Afrika Mashariki, wanafunzi hasa, hupata kibarua cha kwanza jikoni au kwenye kubeba sahani. Tangu Oktoba 2009 mwajiri haruhusiwi kutumia bakshishi kufidia kima cha chini cha mshahara. Marekani hali ni nyingine kabisa: sheria ya shirikisho bado inaruhusu mfanyakazi anayepokea bakshishi alipwe dola 2.13 kwa saa na mwajiri, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, ingawa majimbo kadhaa yana viwango vya juu zaidi. Ndiyo maana asilimia 20 ya New York ni karibu wajibu, ilhali 12.5 ya London ni shukrani.

Hata hivyo, kwa miaka mingi Uingereza shukrani hiyo iliweza kubaki mfukoni mwa mwenye mgahawa pasipo kuvunja sheria yoyote, ikiwa ilikusanywa kwa kadi. Mlango huo ulifungwa tarehe 1 Oktoba 2024, sheria ya ugawaji wa bakshishi ya mwaka 2023 ilipoanza kutumika Uingereza, Scotland na Wales. Bakshishi na ada ya huduma zote ni za wafanyakazi, bila makato ila kodi. Zinapaswa kugawanywa kwa haki na kulipwa kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata ule zilimopokelewa. Mwajiri anayepokea bakshishi mara kwa mara anatakiwa awe na sera ya maandishi na atunze kumbukumbu kwa miaka 3, na mfanyakazi anaweza kuomba kuziona. Akidhulumiwa, anaweza kwenda mahakama ya kazi, ambayo ina uwezo wa kumfidia hadi pauni 5,000. Mteja anayetaka kujua fedha yake inaelekea wapi ana ruhusa ya kumuuliza mhudumu. Swali hilo si uchokozi, na majibu huwa ya wazi kuliko zamani.

Kugawana bili kunaleta mitihani ya aina nyingine. Nyumbani aliyesema “twende tukale” ndiye anayelipa, na wazee wanaweza kuvutana karatasi mpaka mhudumu akaingilia kati. Uingereza maneno hayo hayo ni pendekezo tu la kukutana, na kila mmoja huja na pesa yake. Siku ya kuzaliwa hesabu hugeuka: mwenye siku ndiye anayechagua mgahawa, wenzake ndio wanaomlipia, na kama amechagua ghali hakuna wa kumlaumu. Kugawa sawa kwa sawa kunafaa walipokula na kunywa kwa kiasi kinachokaribiana. Asiyekunywa pombe, kama walivyo wengi kutoka Lamu, Unguja au Mombasa, hana wajibu wa kubeba theluthi ya mvinyo wa wengine. Lakini aseme mapema, kabla ya kuagiza, kwamba atalipia chake. Mashine za kadi hugawanya bili bila tabu. Kulisema jambo hilo wakati kadi zimeshatolewa ndiko kunakotia doa urafiki.

Katika kulipa kwenyewe, mgahawa una haki ya kukataa fedha taslimu mradi umetoa taarifa, na mingi imefanya hivyo. Kinyume chake, haukubaliwi kumwongezea mtu gharama kwa kutumia kadi yake binafsi. Nyongeza hizo zilipigwa marufuku tarehe 13 Januari 2018. Mgeni mwenye kadi ya benki ya Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuulizwa na mashine kama alipe kwa pauni au kwa shilingi. Achague pauni. Kiwango cha kubadilishia fedha kinachotolewa na mashine hiyo kwa kawaida ni kibovu kuliko cha benki yake.

Ugomvi ukizidi, kuna mstari usiopaswa kuvukwa. Kuondoka bila kulipa kwa nia ya kukwepa ni kosa la jinai Uingereza na Wales chini ya sheria ya wizi ya mwaka 1978, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 2. Mteja mwenye malalamiko ya kweli ana njia mbili. Anaweza kulipa kile anachokubali kwamba anadaiwa, akaeleza sababu ya kupunguza, akaacha jina na anwani yake. Hapo hakuna udanganyifu, na mgogoro unabaki wa madai, ambao polisi hawana kazi nao. Au anaweza kulipa yote akiandika kwenye nakala ya bili kwamba analipa kwa pingamizi, kisha akadai baadaye. Njia ya pili haina msisimko, lakini inamruhusu kulala nyumbani kwake kwa amani, na kwa mwenye viza ya masomo au ya kazi hilo si jambo dogo.

Malalamiko ya baadaye huanza kwa barua au barua pepe kwa meneja, pamoja na risiti na picha. Yasipojibiwa, Citizens Advice hutoa ushauri bure, na mahakama ya madai madogo hupokea mashauri yasiyozidi pauni 10,000. Chakula kilichomdhuru mtu huripotiwa kwa idara ya afya ya mazingira ya halmashauri ya eneo husika, ambayo inaweza kukagua jiko bila kutoa taarifa.