Wapenda Jazi wa Mbangala

Starehe kubwa za dunia huandikwa vitabuni, na wenye kuzipata ni wachache. Starehe ndogo hazina mwandishi, ingawa ndizo zinazowabeba watu wengi kutoka juma moja mpaka jingine. Mtu akitaka kuziona, na aende mahali ambapo kazi ni ngumu na fedha haina hakika, huko hatazikosa.

Upande wa kaskazini wa Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ardhi huteremka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, na jua la huko halina haya. Mbangala imo katika upande huo. Ni mbali na kelele za Tunduma, ambako malori hupanga foleni kuvuka kwenda Zambia. Wengi walioingia katika nchi hiyo kutoka mbali waliitwa na dhahabu tangu miaka ya 1920, habari za Lupa zilipoenea. Dhahabu huwapa watu matumaini mengi kuliko inavyowapa fedha, na mwenye matumaini bila fedha huhitaji marafiki.

Marafiki wanaosimuliwa hapa ni watano: fundi wa redio, mwalimu aliyestaafu, dereva aliyeacha malori kwa sababu ya mgongo, na wachimbaji wawili waliomiliki duara moja kwa ubia. Kila Jumamosi jioni walikutana uani kwa fundi. Wa sita ni mke wa fundi, ambaye hakuhesabiwa, lakini ndiye aliyejua nyimbo zote na mwaka wa kila moja.

Mbuzi alichinjwa alasiri. Juu ya moto palikuwa na madhehebu mawili. Dereva alitaka miali, kwa kuwa alizoea kula njiani na kuondoka. Fundi alitaka mkaa uliokwisha kuvaa jivu jeupe, nyama iive polepole na mafuta yadondoke moja moja. Fundi alishinda siku zote, kwa kuwa ua ni wake. Ini lilitangulia kuiva, likakatwa vipande sita na kuliwa kwa chumvi tupu. Baadaye zilikuja mbavu, ndizi za kuchoma, na kachumbari yenye pilipili ya kumtoa mtu machozi mbele ya wenzake bila kumvunjia heshima.

Muziki ulitoka katika redio ya kaseti. Kanda zilikuwa nzee kama wenyewe: Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, aliyefariki mwaka 1965; NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964; na juu ya wote Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa Morogoro Jazz, bendi iliyokuja kumpa jina. Siku moja mwalimu kijana alipita akasimama kusikiliza.

“Shikamoo, Mwalimu. Lakini hii si jazi. Hii ni rumba.”

“Marahaba, mwanangu. Jina la mtoto hutolewa na waliomzaa. Wapigaji wenyewe waliiita jazi. Wewe nani uibatize upya?”

Kijana alicheka akapewa ubavu. Haki ilikuwa pande zote mbili. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu mwaka 1932, na tangu mwaka 1933 santuri za GV zilianza kuuzwa Afrika zikiwa na nyimbo za Kuba. Vijana wa miji walizisikia, wakatambua ndani yake ngoma ambazo babu zao hawakuzisahau, wakashika magitaa. Neno likatoka Marekani, mapigo yakatoka Kuba, na maneno yakawa Kiswahili. Louis Armstrong mwenyewe alipofika Leopoldville Oktoba 1960, mji ule ulikuwa tayari na African Jazz na O.K. Jazz. Mwenye kudai usafi wa asili katika muziki huo atakufa njaa karibu na chungu.

Televisheni ilikuja baadaye katika urafiki huu. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzo wa miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994. Fundi alipopata yake, watu wa jirani walijaa uani kutazama Isidingo katika ITV, mchezo wa Afrika Kusini uliokuwa na mgodi wa dhahabu ndani yake. Mchezo ule ulianza kwao mwaka 1998 na kukoma mwaka 2020. Wachimbaji wawili walioukumbuka waliutazama kwa jicho la kazi. Walicheka wakubwa wa mgodi wenye suti safi, na wakahuzunika familia zilipogombania mali. Hapakuwa na aliyedhani kwamba ugomvi ule ungetoka katika kioo na kuketi uani.

Lakini uliketi. Wabia wale walihitilafiana juu ya fedha za pampu ya kutoa maji katika duara. Mmoja alisema alilipa yote. Mwenzake alisema risiti ilikuwa ya nusu. Shauri lilipelekwa kwa wazee, likarudi; likapelekwa mbele zaidi, likakwama. Miezi minne hawakusalimiana. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeacha kuja Jumamosi. Mmoja aliketi upande wa jiko, wa pili upande wa redio, na wengine wakajifunza kusema maneno yasiyomwelekea mtu. Dereva alishauri mmoja wao aombwe kutokuja. Mke wa fundi alikataa: “Nitamwambia yupi, shemeji? Nani ataniambia yupi mwenye kosa?” Mwalimu, ambaye kwa desturi yake alikuwa na hotuba kwa kila jambo, safari hii alinyamaza, na huenda hilo ndilo jema kubwa alilolifanya mwaka ule.

Usiku mmoja, katikati ya wimbo wa Mbaraka, redio ilitafuna kanda. Utepe ulitoka mrefu kama utumbo wa kuku. Fundi aliushika, akauachia: macho yake hayakuona tena vitu vyembamba usiku, na kanda ile haikuwa na ya pili. Mbia wa kwanza aliondoka karibu na jiko, akaomba kalamu ya risasi, akapiga magoti kuukunjua utepe taratibu kwa ncha za vidole. Kurunzi ilikuwa karibu na mbia wa pili. Aliiwasha, akamulika, lakini kwa mbali.

“Lete mwanga huku,” alisema yule aliyepiga magoti, bila kuinua uso.

Mwenzake alisogea. Wakakaa hivyo kitambo kirefu, kichwa karibu na kichwa, mmoja akizungusha kalamu, mwingine akishika kurunzi kwa mikono miwili isitikisike. Wala hawakusema neno jingine. Gitaa liliporudi, lilikuwa na mkwaruzo mahali utepe ulipokunjika.

Shauri la pampu liliendelea mbele ya waamuzi kama lilivyokuwa. Kwa usiku ule hakuna aliyekumbuka jiko, na mbavu ziliungua upande mmoja. Zililiwa hivyohivyo.